Radi za Tororo: Nani Alizihesabu?

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa kidato cha tatu. Nilirudi nyumbani Matayos, karibu na mji wa Busia, na siku chache baadaye mpaka wenyewe ukafungwa kwa abiria. Malori tu ndiyo yaliyovuka, na madereva wake walikaa kwenye foleni siku nyingi wakisubiri kupimwa. Senge, yaani dada ya baba, ameolewa Tororo upande wa Uganda. Kabla ya hapo alikuwa akija kwetu asubuhi na kurudi jioni. Sasa alibaki na simu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzungumza juu ya idadi ya wagonjwa kila siku, yeye na kukhu, nyanya yangu, walizungumza juu ya mvua.

Mazungumzo hayo yaligeuka kuwa ubishi. Senge alisema Tororo imenyeshewa mno, kukhu akajibu kwamba yetu ilikuwa kubwa zaidi, kwani ilibomoa ukuta wa choo. Siku moja kukhu alichoka kubishana, akaniambia, "Wewe uliyesoma, kwa nini usiipime tumalize maneno?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Miaka mitano baadaye bado napima, na nikiwa chuoni mama hunipimia. Katika insha hii nataka kueleza yale ambayo kazi hii ndogo ya uani imenifundisha kama mwanafunzi wa Historia. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu za mvua za eneo letu ziliwahi kuwa kitabu kimoja, kisha zikagawanywa na mpaka, na kwamba anayetaka kuandika historia ya hali ya hewa ya Busia bila Tororo, au ya Tororo bila Busia, anasoma nusu ya kurasa.

Kipima mvua changu cha kwanza kilikuwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nilikata sehemu ya juu, nikaigeuza na kuichomeka ndani kama faneli. Chini nilitia changarawe na maji hadi pale chupa inapoanza kunyooka, nikachora alama ya sifuri na kufunga rula ya shule kwa gundi ya karatasi. Mwanzoni nilikiweka karibu na nyumba na nikapata mvua za ajabu, mpaka nilipogundua kwamba matone yalikuwa yakiruka kutoka kwenye mabati. Nikakihamishia katikati ya uwanja, mbali na mwembe. Huko mbuzi alikunywa mvua ya tarehe 9 Mei yote. Nikakijengea uzio. Senge naye alitengeneza chake kwa maelekezo ya simu, akakiweka nyuma ya nyumba yao, mahali ambapo Mwamba wa Tororo unaonekana vizuri. Tulikubaliana kusoma saa tatu asubuhi, kama vituo rasmi vinavyofanya, na kutumiana namba. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi, na kukhu aliupenda ufafanuzi huo kwa sababu aliweza kuuona: ndoo ngapi katika kitalu chake cha sukuma wiki.

Kilichonisumbua zaidi ni tarehe. Mvua inayonyesha saa nane usiku ni ya siku gani? Waswahili wa pwani walihesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo kwao usiku wa Jumatano ndio sisi tunaouita usiku wa kuamkia Jumatano. Kalenda ya simu yangu inakata siku katikati ya usiku. Kipima mvua kinaikata saa tatu asubuhi. Niliamua kuandika tarehe ya kusoma na kuongeza "usiku" au "mchana" pembeni. Baadaye, katika somo la mbinu za utafiti wa historia, mhadhiri alipotuambia tuulize kila hati inahesabu wakati vipi, nilijua anazungumzia nini.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwezi Machi, mama aliniarifu kwamba mvua nzuri imenyesha siku tatu mfululizo. Nilifungua daftari, nikaona kwamba miaka iliyotangulia mvua za wiki hiyo hazikukatika. Nikampigia kukhu na kumwambia kwa uhakika kabisa kwamba masika yameanza, apande mahindi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema mvua ya kwanza ni ya kuosha vumbi, na kwamba hajaona kumbikumbi wala kusikia radi za usiku upande wa ziwa. Nikasisitiza. Nilikuwa na takwimu.

Jua likawaka zaidi ya wiki mbili. Mbegu zilizoota zikanyauka na nyingine zikaliwa na mchwa. Nilipofika nyumbani likizo sikujua niseme nini. Ndipo nikagundua kwamba kukhu alikuwa amepanda nusu tu ya shamba. Nusu ile, aliniambia, ilikuwa ya kunisikiliza mimi, na nusu nyingine ya kula. Pakiti ya mbegu iliyopotea ilikuwa imenunuliwa kwa pesa za kuku wake wawili, na hilo sikuliandika kwenye daftari ingawa nalikumbuka kuliko namba yoyote.

Nimelifikiria sana kosa hilo. Sehemu ya kosa ilikuwa neno lenyewe. Shuleni tulifundishwa majira manne: kaskazi au kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Ni maneno mazuri, lakini yalizaliwa pwani, ambako mwaka huongozwa na pepo za kaskazi na kusi zilizoleta na kurudisha majahazi. Kwetu mambo si hivyo. Mvua huanza Machi na kufikia kilele Aprili na Mei, Juni na Julai hupungua bila kukauka kabisa, kisha kuanzia Agosti hurudi na ngurumo zake mpaka Novemba. Anayeketi Busia mwezi wa Agosti akiandika "kipupwe" katika mtihani huku bati linapigwa na mvua ya mawe anaelewa ninachosema. Jirani zetu Wajaluo wana chwiri kwa mvua za kwanza, opon kwa zile za pili na oro kwa kiangazi, maneno yanayokaa vizuri zaidi katika mwaka wetu. Nilipomwambia kukhu "masika yameanza" nilikuwa nimeazima kalenda ya Mombasa.

Sehemu nyingine ya kosa ilikuwa urefu wa daftari. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kipindi cha miaka 30 kupata wastani wa mahali. Mimi nilikuwa na miaka mitatu isiyotimia. Kukhu alikuwa na zaidi ya sitini. Hapa si mimi wa kwanza kufundishwa adabu. Huko Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kama watabiri wa mvua, wakisoma miti, ndege na wadudu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya iliketi nao katika mradi mmoja, kila upande ukaleta utabiri wake, na pande zote mbili zikatoa utabiri wa pamoja kwa wakulima. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, aliyeitwa mtabiri kijijini na aliyeitwa mtabiri ofisini hawakusalimiana.

Baada ya mkasa wa mahindi niliazimia kutafuta kumbukumbu ndefu kuliko yangu. Swali likawa: nani amekuwa akipima hapa, na tangu lini?

Jibu linaanza na mpaka. Mwanzoni mwa ukoloni, ardhi ninayoishi haikuwa ya Kenya. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi maeneo ya Naivasha, na ni mwaka 1902 tu ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa uamuzi huo wa maofisa, Wasamia na Wateso walijikuta pande mbili. Mvua haikujua. Jambo la kushangaza ni kwamba hata Waingereza, walipoanza kuipima kwa mpango, hawakuifuata mistari yao wenyewe. Mwaka 1929 waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa makoloni yao ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Mkurugenzi wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, ambako alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo miaka mingi.

Tusidhani kwamba walimfikiria mkulima wa mtama wa Samia. Walikuwa na walowezi, pamba na kahawa, na zaidi ya yote walikuwa na ndege. Mwaka 1931 Imperial Airways ilianza safari zilizopitia Kisumu, na rubani anayekaribia Ziwa Viktoria alihitaji kujua kama kuna wingu la radi mbele yake. Hata hivyo, kazi ya kila siku ya kupima mvua ilifanywa na watu wa kawaida: wamisheni, makarani wa wilaya, wafanyakazi wa reli na wakulima waliojitolea. Walikuwa na kopo la shaba au bati, chupa ya kupimia na fomu ya mwezi. Walisoma kwa inchi, na mtafiti wa leo lazima akumbuke kuzidisha kwa 25.4 kabla ya kulinganisha na milimita. Nikiwaza juu ya watu hao hujisikia nina ukoo.

Idara hiyo ilibadilisha majina. Ilikuwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki kuanzia 1948, kisha chini ya shirika la huduma za pamoja mwaka 1961, na mwisho chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967. Kwa karibu miaka 50, taarifa za Tororo, Kisumu na Kakamega zilikwenda kwenye idara moja. Uhuru wa Uganda mwaka 1962 na wa Kenya mwaka 1963 haukulivunja jambo hilo.

Na hapa ndipo inapoingia namba iliyonipa kichwa cha insha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuchapisha kwamba Tororo ilipata wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka katika miaka 10, kuanzia 1967 hadi 1976. Siku 251! Ni zaidi ya siku mbili katika kila tatu. Senge nilipomsomea alicheka na kusema hao wengine 114 walikuwa wamelala.

Maelezo ya kijiografia yanajulikana. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wa ziwa huvuma kuijaza nafasi. Upande wetu wa kaskazini-mashariki, upepo huo hukutana na pepo zinazotoka mashariki. Zikigongana, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na alasiri wingu refu husimama kama chungu juu ya jiko. Usiku mambo hugeuka, na radi huhamia juu ya ziwa lenyewe, jambo ambalo wavuvi wa Port Victoria wanalijua kwa gharama kubwa.

Lakini mchanganuo wa mwanahistoria hauwezi kuishia hapo. Siku ya radi ni nini? Kwa utaratibu wa vituo vya hali ya hewa, ni siku ambayo mtu kituoni amesikia ngurumo. Mweko bila sauti hauhesabiwi. Chombo cha kupimia ni sikio. Kwa hiyo namba 251 haituelezi mawingu ya Tororo peke yake. Inatueleza pia kwamba kwa miaka 10 kulikuwa na watu waliokuwa macho, wakasikia, wakaandika. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo iko ndani ya utawala wa Idi Amin, ulioanza Januari 1971. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, maduka yakafungwa, chumvi na sukari zikaadimika, watu wakatoweka, na bado mtu fulani alisikia ngurumo saa tisa mchana na kuweka alama kwenye fomu. Kitabu kinautaja mji, hakiwataji watu hao.

Nililielewa hili kwa daftari langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilihesabu siku za radi peke yangu. Mwaka wa pili mama alijiunga, naye huamka mapema na kulala kwa kuchelewa, na hesabu ikapanda kwa zaidi ya siku 40. Mtu angeweza kuchora grafu na kutangaza kwamba hali ya hewa ya Matayos imebadilika. Kilichobadilika ni usingizi wa mwandishi.

Tena, tazama miaka yenyewe. 1967 ndio mwaka Jumuiya ilipoundwa, na 1976 ndio mwaka wake kamili wa mwisho. Namba maarufu kuliko zote kuhusu anga la Tororo ina umri sawa na Jumuiya. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika kwa ugomvi wa siasa na mgawanyo wa mali, na pamoja na reli na shirika la ndege, idara ya hali ya hewa nayo ikagawanywa. Kenya ilibaki na makao ya Dagoretti Corner, Nairobi. Uganda ilianza idara yake katika wakati mbaya, kwani vita vya 1978 na 1979 vilifuata, kisha miaka ya vurugu, na vituo vingi vya mvua nchini humo vikanyamaza. Kituo cha Tororo kipo hadi leo, lakini kile kitabu kimoja kimekuwa viwili. Wanahistoria wa Jumuiya huandika sana juu ya mabehewa na ndege. Sijakutana na wengi wanaohesabu mvua miongoni mwa mali zilizogawanywa.

Kuna hifadhi nyingine ambayo haikugawanywa, nayo ni ziwa. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa kubwa kupita kiasi katika Afrika Mashariki yote, na kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kwa takriban mita mbili na nusu. Kukhu alizaliwa Bunyala, karibu na Port Victoria. Kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa na karani, na yeye mwenyewe hajawahi kuuamini. Anachosema ni kwamba alitolewa mahari mwaka ambao ziwa lilikula nyumba za kwao, na ng'ombe wa mahari walipitishwa njia ya mbali kwa sababu ile ya kawaida ilikuwa maji. Nilipoweka maneno yake kando ya historia ya ziwa, ndoa yake ikaangukia kati ya 1962 na 1964, na umri wake ukaongezeka miaka kadhaa juu ya ule wa kitambulisho. Alifurahi kama mtu aliyelipwa deni. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena, likavuka kidogo kile kiwango cha 1964, na watu wa Budalang'i wakahama na vitanda vichwani. Kukhu aliposikia kwenye redio alisema neno moja tu: "Limerudi."

Daftari letu sasa lina safu mbili, ya kushoto Matayos na ya kulia Tororo. Kuna siku nyingi ambazo safu moja ina sifuri na nyingine ina milimita 30 au 40, ingawa kati ya nyumba hizi mbili ni mwendo mfupi wa gari. Mvua za radi ndivyo zilivyo, hunyesha shamba hili na kuruka lile. Ule ubishi wa kukhu na senge haukuisha, ila sasa nao una ushahidi: wote wawili walikuwa wakisema kweli. Pengo kati ya vituo viwili linaweza kumeza dhoruba nzima, na kituo kimoja kikinyamaza jirani yake hawezi kusema kwa niaba yake.

Kanuni moja tumeishika tangu mwanzo. Siku ambayo hakuna aliyesoma tunaweka kistari, hatuweki sifuri, maana sifuri ni habari na kistari ni ukimya. Vistari vingi katika daftari ni vya nyakati za mitihani yangu au safari za mama. Ipo siku moja tu, mwaka jana, yenye vistari viwili, kushoto na kulia. Ndiyo siku tuliyomzika babu. Senge alikuwa amevuka kuja kwetu, mama alikuwa jikoni na wanawake wengine, mimi nilikuwa kaburini, na alasiri turubai liliinama kwa maji hadi vijana wakalisukuma kwa miti. Asubuhi iliyofuata nilikuta kipima mvua kimeangushwa na waombolezaji, kimelala tupu. Nimeviacha vistari vilivyo. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, nimeandika: kukhu anasema ilikuwa kubwa kuliko ya choo.